Tucson kwa gari-nyumba mwezi Juni tukiwa na watoto watatu wadogo: naomba ushauri

Mama Watatu (Dallas)

Salaam kwenu nyote. Mimi na mume wangu tumekodi gari-nyumba lenye urefu wa futi 28, yale ambayo huku Marekani yanaitwa RV, na tunakusudia kuondoka Dallas mwishoni mwa Juni, shule zitakapokuwa zimefungwa. Mtoto wa kwanza ana miaka 6, wa pili ana miaka 3, na wa mwisho ana miezi 10. Tunakwenda California kwa kaka yangu, lakini hatutaki kuwafungia watoto ndani ya gari siku tatu mfululizo, kwa hiyo tumechagua kupumzika siku 4 Tucson, Arizona. Uchaguzi wenyewe haukuwa wetu. Mtoto wa kwanza aliona kitabuni picha ya ule mdungusi mrefu wenye mikono, saguaro, na tangu siku hiyo kila mgeni anayeingia nyumbani huambiwa kwamba tunakwenda kuuona.

Sijawahi kulala jangwani. Nimekulia Tanga, na joto ninalolijua ni lile la pwani, la kulowa jasho na kutafuta upepo wa bahari. Ningependa kujua mambo matatu. Je, joto la Juni linavumilika kwa mtoto wa miezi 10? Kiyoyozi cha gari-nyumba kinatosha, au kinapunguza makali tu? Na ni sehemu zipi ambazo mtoto wa miaka 3 anaweza kuzifurahia bila kubebwa mgongoni muda wote? Mume wangu anashikilia kwamba maji ya kunywa yakiwa mengi hakuna tatizo. Mimi sina uhakika huo, na ndiyo maana nimekuja kwenu kabla hatujalipa fedha iliyobaki.

Mkazi wa Tucson

Dada, karibu Tucson, ila kabla ya kukukaribisha naomba nikurudishe kwenye tarehe. Juni ndio mwezi wenye joto la mchana kali kuliko yote hapa kwetu, na hewa yake ni kavu sana. Wastani wa joto la mchana ni karibu nyuzi 38 za Selsiasi, yaani 100 na ushei kwa kipimo cha Fahrenheit, na rekodi ya mji huu, nyuzi 47, iliwekwa tarehe 26 Juni 1990. Watu wa hali ya hewa wanauhesabu msimu wa mvua kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, lakini mawingu yenyewe kwa kawaida hayaji mpaka Julai, kwa hiyo utafika katika zile wiki ambazo wenyeji tunatazama angani kama wakulima wa Dodoma wanavyofanya mwezi wa Novemba.

Joto la Tanga na joto la huku si ndugu. Tanga jasho linakulowesha, unajua umezidiwa, unakwenda kukaa chini ya mwembe. Huku jasho linakauka kabla hujaliona. Mtoto anacheza, ngozi yake ni kavu, nywele ni kavu, nawe unaridhika kwamba hajapata joto, kumbe maji yanamtoka saa nzima. Mwaka wa kwanza nilipohamia hapa nilikuwa nikianika kanga saa nne asubuhi, na nilipomaliza kuanika ya mwisho, ile ya kwanza ilikuwa imeshakauka. Mwili wa mtoto mdogo nao haunusuriki na ukavu huo.

Ikiwa tarehe zenu zinaweza kusogezwa, njooni kati ya Novemba na Machi. Mwezi wa Novemba joto la mchana huwa karibu nyuzi 23 na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 8, na mtoto wako wa miaka 3 ataweza kutembea kwa miguu yake mchana kutwa. Ikiwa haziwezi kusogezwa, basi kubalini kwamba siku ya Juni ina vipande viwili tu vinavyofaa kwa watoto: kutoka alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na kutoka jua linapozama hadi muda wa kulala. Saa zilizobaki ni za kukaa ndani. Wageni wengi wanaharibu safari kwa sababu wanakuja na ratiba ya mji wa kawaida: wanakunywa chai polepole, wanawavalisha watoto, wanatoka saa nne, na saa tano na nusu wanatafuta kivuli katika nchi ambayo miti yake mingi ina majani madogo kama kucha.

Dereva Mstaafu

Mama Watatu, nimeendesha malori kwenye barabara ya I-10 kwa miaka mingi, na tangu nistaafu ninazunguka na mke wangu kwa gari-nyumba, kwa hiyo nijibu lile swali lako la kiyoyozi, maana naona wengi hulikwepa.

Kiyoyozi cha juu ya paa, kikiwa kizima, huweza kupunguza joto la ndani kwa nyuzi 10 au 11 za Selsiasi chini ya joto la nje. Nje kukiwa na nyuzi 43, ndani utapata 32, na hapo ni kama umefunika madirisha yote na hakuna mtoto anayefungua mlango kila dakika mbili. Unamfahamu mtoto wa miaka 6 asiyefungua mlango? Pili, kiyoyozi hicho hakifanyi kazi kwa betri. Lazima gari liwe limeunganishwa na umeme wa kambini, au jenereta iwe inanguruma. Na umeme wenyewe una kikomo: plagi ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600 kwa hesabu ya haraka, na kiyoyozi peke yake kinakula sehemu kubwa ya hizo. Ukiwasha maikrowevu na hita ya maji kwa pamoja, swichi inajikata.

Ilitutokea kwenye kambi moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa saa nane mchana, mke wangu akapasha maharage, umeme ukakatika, nami nilikuwa nimelala kiti cha mbele bila habari. Tuliamshwa na mbwa. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kimefika nyuzi 39, na sisi ni watu wazima. Tangu siku hiyo kipimajoto chetu kina king'ora kinachopiga kelele joto likizidi 29, na ningekushauri ununue cha namna hiyo hata kama hutabadilisha tarehe, kwa sababu mtoto wa miezi 10 hawezi kukuambia kwamba kiyoyozi kimezima.

Kuhusu matairi, gari la kukodi lifanyie ukaguzi mwenyewe. Ubavuni mwa tairi kuna namba za tarakimu nne ndani ya kiduara, na tarakimu mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi la gari-nyumba mara nyingi linazeeka likiwa limesimama, linaonekana jipya, kisha linapasuka kwenye lami ya moto. Upepo upime asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa baridi. Friji nayo, kama ni ile inayotumia gesi, inahitaji gari lisimame sawasawa bila kuinama, na ubavu wenye friji uelekee kivulini, la sivyo maziwa ya mtoto yatakuwa vuguvugu kufikia jioni.

Jambo la mwisho halihusu joto, lakini ni kubwa kuliko hayo yote. Kabla hujalipa hiyo fedha iliyobaki, ingia ndani ya gari hilo na uhesabu viti vinavyotazama mbele vyenye mikanda iliyofungwa kwenye chasisi. Viti vya watoto haviwekwi kwenye kochi la ubavuni wala kwenye kiti kinachotazama nyuma ya gari, hata kama kina mkanda. Wenzangu wawili walifika siku ya safari na viti vitatu vya watoto wakakuta nafasi inayofaa ni moja.

Muuguzi (Phoenix)

Naunga mkono waliotangulia, na nitaongeza machache ya upande wa afya. Mume wako amesema kweli nusu. Maji ni lazima, lakini mtoto aliyekaa kwenye joto kali muda mrefu anaweza kuzidiwa huku chupa ya maji iko mkononi, kwa sababu tatizo limeshakuwa mwili kushindwa kujipooza. Mtoto wa miezi 10 anyonye mara nyingi kuliko kawaida na apewe maji kidogo kidogo katikati. Hesabu nepi zake: zikianza kukaa kavu kwa saa nyingi, akilia bila machozi, au akilegea na kutotaka kucheza, mpeleke mahali penye baridi mara moja na utafute daktari. Mtoto mwenye mwili wa moto sana anayechanganyikiwa, kutapika au kuzimia ni wa kupigiwa 911, namba ya dharura, huku mkimlowesha maji na kumpepea. Msisubiri muone kama atapata nafuu.

Watu hukumbuka jua wakasahau vitu. Kifungo cha chuma cha kiti cha mtoto kilichokaa juani kinaunguza paja. Bembea na mteremko wa plastiki bustanini huunguza. Lami huunguza nyayo, na tunapokea watoto wa namna hiyo kila kiangazi. Weka mgongo wa mkono wako chini kwa sekunde tano. Ukishindwa kuuacha hapo, mtoto hatembei bila viatu. Na gari lililozimwa, liwe dogo au gari-nyumba, joto lake hupanda kama nyuzi 11 ndani ya dakika 10 tu, kwa hiyo hakuna safari ya dukani iliyo fupi kiasi cha kumwacha mtoto ndani amelala.

Kuhusu nge: Arizona ina nge mdogo wa rangi ya majani makavu, anayependa kujificha kwenye magome ya miti, ambaye sumu yake inaweza kumdhuru sana mtoto mdogo. Kung'uteni viatu kila asubuhi, msiache nguo chini usiku, na muweke kwenye simu namba ya kituo cha taifa cha ushauri wa sumu, 1-800-222-1222, ambayo hupokelewa saa zote. Nge huyo akimulikwa na tochi ya mwanga wa zambarau hung'aa kijani, na kuzunguka gari mara moja kabla ya kulala ni kazi ambayo mtoto wa miaka 6 ataifanya kwa moyo wote, mradi amevaa viatu na amekushika mkono.

Baba Pacha

Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu, kwa sababu naona dada wa watu anatishwa. Sisi tulikwenda Tucson katikati ya Juni na pacha wetu wa miaka 4, na tulifurahia. Siri yake ni moja: hatukuwabadilishia watoto saa.

Arizona, isipokuwa eneo la Wanavajo, moja ya makabila ya wenyeji wa asili, haisogezi saa mbele majira ya kiangazi, kwa hiyo mwezi Juni Tucson iko nyuma ya Dallas kwa saa mbili. Mtoto aliyezoea kuamka Dallas saa kumi na mbili asubuhi ataamka Tucson saa kumi alfajiri. Wazazi wengi hulalamika na kujaribu kumrudisha kitandani. Sisi tuliamka nao, tukawapa uji, na jua lilipochomoza saa kumi na moja na robo tulikuwa tayari tumesimama kwenye njia ya miguu, peke yetu, na kwale wanavuka na vifaranga vyao kwa mstari. Saa tatu tulikuwa tumeshatembea, tumekula mara mbili na tumechoka. Mchana tulilala, au tulikwenda Makumbusho ya Ndege ya Pima, yaani eropleni, ambako kuna zaidi ya 400 na kadhaa kati ya hizo zimewekwa ndani ya majengo yenye kiyoyozi. Saa kumi na mbili na nusu jioni, ambayo kwao ilikuwa saa mbili na nusu usiku, walikuwa wamelala fofofo.

Nakiri kwamba hatukuwa na mtoto mchanga, na kwamba usiku wa pili tulihamia hotelini kwa sababu gari halikupoa mpaka saa sita usiku. Lakini haiwezekani kusema Juni ni marufuku.

Dereva Mstaafu

Baba Pacha, hoja ya saa ni nzuri na ningeiiba. Ila hiyo hoteli umeitaja mwishoni kama kitu kidogo, wakati kwa mwenye mtoto wa miezi 10 ndiyo habari yenyewe. Kama wataenda Juni, basi gharama ya hoteli waiweke kwenye bajeti tangu sasa, na gari-nyumba wapumzishe.

Mama Watatu (Dallas)

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimemsomea mume wangu maelezo yote kwa sauti, na nilipofika kwenye kipimajoto cha nyuzi 39 na maharage alinyamaza. Tumeongea na wenye gari, nao wamekubali kusogeza tarehe hadi wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, mwezi Novemba. Pia tulikwenda kuhesabu viti, na kweli vinavyofaa vilikuwa viwili tu, kwa hiyo tunabadilishiwa gari. Kaka Dereva, Mungu akuzidishie.

Sasa naomba mnisaidie kupanga zile siku 4 kwa mwezi Novemba. Tuegeshe wapi? Gari refu namna hii linafika kwenye hiyo midungusi, au tunahitaji gari dogo? Sisi ni Waislamu, kwa hiyo ningependa kujua na habari za chakula. Na jambo moja linanisumbua: nimesoma kwamba kuna mdungusi ambao miiba yake inaruka na kumfuata mtu. Ni kweli, au ni hadithi za kutisha wageni?

Mkazi wa Tucson

Hapo sasa ninaweza kukukaribisha kwa moyo mweupe.

Kwa kuegesha, ningechagua Hifadhi ya Jimbo ya Catalina, kaskazini mwa mji, chini kabisa ya milima ya Santa Catalina. Ina umeme na maji kwenye kila eneo la magari-nyumba, na ina mabafu, jambo ambalo mama wa watoto watatu mwenye tangi dogo la maji machafu atalithamini kufikia siku ya pili. Watu wengi watakutajia Gilbert Ray, kambi ya kaunti iliyo magharibi katikati ya midungusi, na kwa mandhari wako sahihi, lakini haina mabafu. Kokote utakakochagua, weka nafasi mapema, kwa sababu kuanzia Novemba wazee wa majimbo ya baridi huja kwa maelfu na magari yao na kukaa hadi machipuko.

Gari dogo kodini, angalau kwa siku mbili. Hifadhi ya Taifa ya Saguaro imegawanyika sehemu mbili, moja mashariki na nyingine magharibi ya mji, na hairuhusu kulala ndani yake na gari. Barabara ya mzunguko ya upande wa mashariki, maili 8 za lami, hairuhusu gari lenye upana unaozidi futi 8, na gari-nyumba la kukodi mara nyingi huzidi hapo kwa inchi chache. Upande wa magharibi mzunguko ni wa vumbi. Mkienda magharibi na gari kubwa, msifuate simu ikiwapitisha Gates Pass, kwa sababu ni kona kali na mteremko. Piteni Ajo Way kisha Kinney Road.

Kwa mtoto wa miaka 3, njia iitwayo Desert Discovery upande wa magharibi ni nusu maili tu, ni ya lami, na kigari cha mtoto kinapita. Watoto wachukue kile kijitabu cha mhifadhi mdogo kwenye kituo cha wageni: wanajaza, wanaapishwa na mhifadhi mwenye sare, wanapewa beji. Huyo wa kwanza wako atalala nayo. Mwonyesheni saguaro asiyekuwa na mkono hata mmoja, mrefu kuliko baba yake, kisha mwambieni kwamba mkono wa kwanza mara nyingi hauoti mpaka mti ufikishe miaka 50 hadi 75, na kwamba saguaro wa miaka 10 anaweza kuwa mfupi kuliko kidole chake. Kisha mtafute matundu. Kigogota wa huku hutoboa shina akaweka kiota, na akihama bundi mdogo huingia. Mkikuta mti mnono na mwingine mwembamba, tazameni mikunjo yake: mvua ikinyesha hufunguka kama mikunjo ya kodiani, na ukame ukija hujifunga.

Siku nzima ipeni Makumbusho ya Jangwa ya Arizona-Sonora, ambayo ilifunguliwa 1952 na kwa kweli ni bustani ya wanyama na mimea kuliko makumbusho, sehemu kubwa ikiwa nje. Kuna chumba cha wavu ambamo wale ndege wadogo wavumaji, mfano wa chozi wetu ila hawa huelea hewani pale pale, hupita karibu na sikio hadi unasikia mbawa. Kaeni kimya na mtoto wa miezi 10. Ndicho alichokipenda wa kwangu. Kuna pango la kutengenezwa pia, la baridi, ambamo watoto huingia na kutoka mpaka mzazi achoke.

Mkiwa na asubuhi ya bure, nendeni Bustani ya Wanyama ya Reid Park. Najua utasema hamkusafiri maili 950 kwenda kuona tembo, lakini pale kuna tembo aliyezaliwa 2020 akapewa jina Penzi, na mdogo wake aliyezaliwa 2024 anaitwa Meru. Wanangu waliposikia mtangazaji akilitaja jina la Penzi mbele ya Wamarekani wote wale, walicheka mpaka nikawaonea haya. Mapango ya Kartchner, karibu na Benson, nayo mtayapita mkitokea Dallas, ila kigari cha mtoto hakiruhusiwi ndani, kwa hiyo mdogo abebwe.

Chakula: msikiti uko jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Arizona, na pale mtaelekezwa bucha za halali. Hotidogi ya Sonora, ambayo kila mtu atawasifia, hufungwa kwa bekoni, yaani nyama ya nguruwe, kwa hiyo ipiteni. Kwenye kanisa la zamani la San Xavier del Bac, lililojengwa kati ya 1783 na 1797 katika ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa huku, akina mama huuza mkate wa kukaanga unaofanana na andazi lililotandazwa. Ni mtamu sana na asali. Waulizeni kwanza wamekaangia mafuta gani, kwa maana wengine hutumia ya nguruwe, na hawakasiriki ukiuliza.

Bibi wa Mesa

Mwanangu, hilo la miiba niachie mimi, nina wajukuu saba na nimewachomoa wote.

Mdungusi huo unaitwa cholla. Haurukii mtu, lakini vipande vyake vimeshikana kwa ulegevu kiasi kwamba ukiugusa kwa mbali tu, kipande kizima kama yai lenye manyoya kinakatika na kubaki kwenye nguo, kiatu au mkono. Ncha za miiba zina vijino vinavyotazama nyuma, ndiyo maana kuvuta kunauma kuliko kuchomwa. Kwa mbali ni mzuri, unang'aa dhahabu jua la jioni likiupiga, na mtoto wa miaka 3 ataona ni kitu cha kukumbatia.

Mjukuu wangu alikikanyaga kimoja kando ya njia, akainama kukitoa kwa mkono, na mkono nao ukanasa, akabaki ameinama, mguu na mkono vimeunganishwa, analia. Mama yake akataka kukivuta. Nikamwambia asimame, asiguse, maana angekuwa wa pili. Nikatoa chanuo kwenye mkoba, lile la meno mapana, nikaliingiza kati ya kipande na ngozi, nikakirusha kwa mara moja kuelekea upande usio na mtu. Miiba iliyobaki tukaichomoa kwa koleo ndogo ya nyusi, mmoja mmoja, huku akihesabu. Ilikuwa kumi na nne.

Kwa hiyo beba vitu viwili, chanuo na koleo, na viwe kwenye mfuko wako wewe. Usiviache garini. Wavalishe viatu vya kufunika vidole, na mwambie huyo mkubwa kwamba katika njia hizo tunatazama kwa macho na mikono inakaa mifukoni. Chanuo langu lile bado liko kwenye mkoba uleule, na hapa nyumbani hakuna anayeruhusiwa kulichania nywele.

Mama Watatu (Dallas)

Shikamoo Bibi. Nimenunua machanuo mawili.